Msunguti na Sumu ya Mishale katika Historia ya Afrika Mashariki

Mimea yenye sumu ni mingi Afrika Mashariki, lakini ni michache iliyogusa uwindaji, biashara na tiba kwa pamoja kama msunguti, mti mdogo usiopukutisha majani, ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Sumu yake, ambayo Wakamba huiita ivai, hutokana na glikosidi za moyo, yaani kemikali zilizoshikamana na sukari ambazo kwa kiasi kidogo huongeza nguvu ya mapigo ya moyo, na kwa kiasi kikubwa huusimamisha kabisa.

Utengenezaji wake ulikuwa kazi ya mafundi. Vipande vya mbao, magome na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena hadi yakabaki uji mzito mweusi, ambao ulipakwa nyuma ya kigumba, yaani chuma cha ncha ya mshale, kisha ukafungwa kwa ngozi laini ili usikauke na kupoteza makali. Kwa kuwa sumu hiyo hufanya kazi ikiingia katika damu, lakini tumboni hufyonzwa kidogo sana, wawindaji waliikata nyama iliyozunguka jeraha na kuila iliyobaki bila madhara.

Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilipohitajika kwa wingi Mombasa, ujuzi huo uligeuka kuwa mtaji. Wagiriama walitengeneza sumu na kuiuza kwa majirani zao, nao Waata, waliojulikana pia kama Waliangulu, walisifika kwa pinde nzito ambazo kwazo mtu mmoja aliweza kumwangusha tembo.

Sayansi ya Ulaya iliifikia sumu ya namna hii kupitia wawindaji hao hao wa Afrika. John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alitambua athari za sumu ya kombe, itokanayo na mmea wa jamii ya Strophanthus, baada ya mswaki wake kuchafuliwa nayo na mapigo ya moyo wake kupungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, ikawa dawa ya moyo. Na mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akatenga ouabain, mojawapo ya glikosidi hizo za moyo, kutoka katika mti wa sumu ya mishale ya Wasomali. Kemikali hiyo ndiyo iliyomsaidia Jens Christian Skou wa Denmark kuthibitisha kazi ya kimeng'enya kinachosukuma sodiamu na potasiamu kupitia utando wa seli, ugunduzi uliompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997.

Wenye ujuzi wa asili hawakupata heshima kama hiyo. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika maeneo walimowinda Waata, na katika msako dhidi ya ujangili wa miaka ya 1950 Waata wengi walifungwa kwa kazi iliyokuwa riziki ya mababu zao. Tembo walistahili kulindwa, lakini historia ya tiba ya moyo haitakuwa kamili mpaka watengenezaji wa sumu ya mishale watajwe ndani yake kama wagunduzi, wala si kama majangili tu.