Chokaa, Mikarafuu na Neno "Tabianchi"

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja huona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na aingiapo ndani huona boriti za mikoko zikibeba dari. Nyumba hizo zimegharimu miti mingi. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yakachomwa hata yakawa chokaa. Na jiwe lenyewe, lipatapo moto mkali, hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. (Ni haki kusema pia kwamba chokaa ikaukapo ukutani huivuta tena sehemu ya hewa hiyo.)

Nje ya mji, katika enzi ya Seyyid Said, pori la upande wa magharibi lilifyekwa kwa nguvu za watumwa, ikapandwa mikarafuu. Dhoruba ya Aprili 1872 iliing'oa mingi ya mikarafuu hiyo. Wala dhoruba ile tusiitie katika hesabu ya makosa ya binadamu, kwani tufani zilikuwapo kabla ya moshi wa viwanda.

Mwaka ule ule wa 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi, zikiendeshwa kwa makaa ya mawe. Hapa pana tofauti kubwa. Kuni ni mti wa juzi. Ukipandwa mwingine, huirudisha hewa ile. Makaa ya mawe ni misitu iliyozikwa mamilioni ya miaka. Kabla ya viwanda vya Ulaya hewa ya ukaa ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika milioni. Leo imepita 420. Matanuu ya Unguja yasingaliweza kufanya hivyo, hata yangaliwaka usiku na mchana.

Kwa sababu hiyo nina shaka na neno "tabianchi". Kisarufi limeundwa vizuri, kutokana na "tabia ya nchi", lakini huifunga habari kwenye ardhi. Mkulima aambiwapo kuwa tabia ya nchi yake imeharibika, humtazama jirani yake mchoma mkaa. Huyo naye ana lake la kujibu, juu ya udongo na kivuli. Lakini mwaka 1998, El Niño ilipoikuta bahari iliyokwisha kuongezeka joto, na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe na mengi yakafa, halikuwa shoka la Unguja lililofanya hivyo.

Mabaharia wetu walitaja pepo, kaskazi na kusi, wala hawakuzihesabu kuwa mali ya kisiwa kimoja. Ningependa wenzangu watungao istilahi waanzie huko.