Mkono na Kitabu

Idi iliyopita, baada ya sahani kuondolewa, binti wa kaka yangu alitupa habari kuwa amepata nafasi ya kusomea uchongaji katika chuo cha sanaa cha Margaret Street, hapa Birmingham. Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, kuchonga nako kwasomewa chuo kikuu? Kwetu fundi hufundwa na fundi." Binti akanitazama mimi, ami yake niliyesomesha miaka mingi, nimtetee. Nikainamia kikombe changu cha kahawa. Haya niandikayo ni deni la siku ile.

Jumba la chuo hicho lilifunguliwa mwaka 1885, mafundi wa viwanda vya mji wapate kujifunza kuchora na kubuni. Leo chuo ni sehemu ya Birmingham City University. Lakini mfano wa kwetu upo, nao ni Makerere.

Mwaka 1937 Bi Margaret Trowell (kufanana na jina la barabara yetu ni bahati tu) alianza kufundisha sanaa barazani kwake, Kampala. Ndiyo asili ya skuli ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1942 Makumbusho ya Uganda nayo yakahamishiwa chini ya uangalizi wake hapo hapo, hata wanafunzi wa kuchonga na kufinyanga wakawa jirani na kazi za wazee wao. Yeye na Klaus Wachsmann wakatoa kitabu mwaka 1953 juu ya ufundi wa makabila ya Uganda: ujenzi wa nyumba, ususi, vyungu, na ala za muziki. Bibi huyo aliogopa mno kwamba mafunzo ya Kizungu yangewaharibu wanafunzi wake. Hapo simwafiki, mwenye akili hachagui mlango wa elimu.

Mwanafunzi wake Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa 1922, hakuogopa. Alikuja Uingereza kuongeza masomo, akarudi Makerere kufundisha. Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala, ya mwaka 1962, ni kazi yake: mama aliyezongwa vitambaa amnyanyua mtoto juu.

Najua wamo miongoni mwetu wasioridhia sanamu za viumbe. Nami nimesoma madrasa, sina ugomvi nao. Basi na wamtazame Magdalene Odundo, ambaye umbo lake ni chungu. Alizaliwa Nairobi 1950, akaja Uingereza 1971. Akiwa mwanafunzi alisafiri hadi Abuja, Nigeria, akaketi na wanawake wafinyanzi wajengao chungu kwa mkono bila gurudumu. Kisha akaingia Royal College of Art, akamaliza 1982. Vyungu vyake hupakwa udongo mwororo na kusuguliwa hata ving'ae. Vikichomwa katika moto ulionyimwa hewa hugeuka vyeusi. Maarifa ya wale wanawake yalikuwa vidoleni, na asingeyapata kwa kusoma tu. Akawa profesa, na mwaka 2018 Chansela wa University for the Creative Arts. Fundi na msomi, mtu mmoja.

Juzi binti alinijia na picha ya mlango wa nyumba ya babu, Mji wa Kale, Mombasa, ameikuza kama mkeka. "Ami, hapa juu pameandikwa nini?" Nikamsomea: mwaka 1312 Hijria, yaani karibu na 1894. Akaandika. Kisha akauliza ni patasi ya namna gani iliyokata ule ua wa pembeni, na kwa nini ua wa kushoto haukumalizwa. Nimepita chini ya mlango ule utoto wangu wote, wala sikupata kuona kwamba haukumalizwa.

Anakusanya picha za milango ya nyumba za jamaa zetu, iliyopo na iliyokwisha ng'olewa. Mwenye nayo, hata imefifia, aje nayo Idi ijayo.