Mavumbi, Magadi na Mwanzo wa Uhai

Kijana wetu wa sekondari hapa Chake Chake husoma biolojia siku za wiki, na Jumapili huketi nasi ibadani. Darasani anafundishwa kwamba huenda uhai ulianza kwa kemikali zilizochanganyika majini. Kanisani anasikia kwamba Mungu alinena na ikawa. Akituuliza ashike lipi, wengi wetu humwambia asiulize. Lakini swali lake ni la zamani, na waliolishughulikia kabla yake hawakuwa wapinga Mungu wote.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba viumbe wadogo hujitokeza wenyewe, funza katika nyama iliyooza na vyura katika tope. Hata Augustino, askofu wa Hipo katika nchi tunayoiita leo Algeria, hakuona kwamba jambo hilo linamwondolea Mungu utukufu. Alifundisha kwamba tangu mwanzo Mungu aliweka katika uumbaji kitu mfano wa mbegu zilizofichika, zichipue wakati wake ukifika. Aliwaonya pia Wakristo wasiseme ovyo juu ya mambo ya asili, wasije wakaifanya imani ichekwe na wenye kuyajua.

Mwaka 1668 Mwitaliano Francesco Redi alifunika nyama kwa kitambaa, nzi wasiifikie, na funza hawakuonekana. Karne iliyofuata mapadre wawili, John Needham na Lazzaro Spallanzani, walibishana juu ya mchuzi uliochemshwa na kufungwa chupani: je, vijidudu huzaliwa humo? Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba mchuzi uliochemshwa sawasawa na kukingwa na vumbi la hewani hauharibiki. Kilicho hai hutoka kwa kilicho hai. Basi swali likazidi kuwa gumu: kile cha kwanza kilitoka wapi?

Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika katika barua kwa rafiki yake juu ya kidimbwi chenye maji ya uvuguvugu na chumvi za fosfeti. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Chicago, alipitisha cheche za umeme katika mvuke wa maji na gesi, akapata asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Wengine leo huelekeza macho kwenye chemchemi za moto zilizo chini ya bahari.

Utafiti mmoja unatugusa jirani. Chembe hai haiwezi kuwepo bila fosfeti, lakini katika maji mengi fosfeti hushikwa na kalisi ikazama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Jonathan Toner na David Catling, walieleza kwamba katika maziwa yenye kabonati nyingi, kabonati ndiyo huishika kalisi, na fosfeti ikabaki huru majini. Miongoni mwa maziwa waliyoyataja ni Ziwa Magadi la Kenya, katika Bonde la Ufa, karibu na mpaka wa Tanzania. Magadi hayo ni ya aina ile ile tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Nasi Tanzania tuna Ziwa Natron, na karibu nalo volkano ya Oldoinyo Lengai, ambayo kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu.

Hata hivyo, hakuna maabara iliyowahi kutengeneza chembe hai kutoka kwa vitu visivyo hai. Wako Wakristo wanaoshangilia hilo, kana kwamba Mungu anaishi ndani ya kutojua kwetu. Imani ya namna hiyo ni ya hatari. Siku wataalamu wakifaulu, huyo kijana wetu atadhani Mungu ameshindwa.

Sisi Walutheri tunayo njia bora, nayo tulijifunza kipaimara. Katika maelezo ya kifungu cha kwanza cha imani, kwenye Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anatufundisha kila mmoja akiri kwamba Mungu amemwumba yeye mwenyewe. Luther alijua vema kwamba alizaliwa na baba na mama. Kujua jinsi mtoto anavyotungwa mimba hakukumzuia kumshukuru Muumba, kwa sababu Mungu hutenda kazi kwa kutumia viumbe vyake. Hata katika Mwanzo sura ya 1, Mungu anaiagiza nchi itoe mimea na maji yatoe viumbe. Katika sura ya 2 anamfanya mtu kwa mavumbi, kisha anampulizia pumzi.

Sayansi inachunguza hayo mavumbi na hayo maji, na ina haki ya kuyachunguza. Pumzi inatoka kwa nani, na tumepewa kwa ajili gani, hayo hayapimwi kwa chupa wala cheche. Mzazi, mtoto wako akirudi na swali hili, mkalishe, msikilize, kisha fungueni pamoja kitabu chake cha biolojia na Katekisimo. Akisoma kwa bidii, hatakuwa ameiacha imani aliyobatiziwa.