Konyeza wa Tanganyika

Magharibi ya milima ya Ibaba, mbali na pwani, liko Ziwa Tanganyika lenye maji baridi. Mwaka 1883 Richard Böhm aliona humo konyeza, na wataalamu walishika kwamba kila konyeza asili yake ni bahari. J. E. S. Moore alipofika mwaka 1896 akakuta pia konokono wenye magamba mazito kama ya pwani. Akahukumu kuwa ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale. William Cunnington, aliyelichunguza mwaka 1904 na 1905, aliipinga hukumu hiyo. Wako konyeza wa maji baridi, na gamba nene humkinga konokono na kaa hata ziwani. Kosa lilikuwa katika neno “kila”, lililokubaliwa kabla ya kupimwa.