Trona: Neno la kemia lililozaliwa na magadi

Trona ni jina ambalo wanakemia huyapa madini yanayofunika uso wa Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado. Mpishi wa maharagwe au mboga za kienyeji hana haja nalo. Yeye husema magadi, na akaeleweka.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kupitia Kiswidi. Mnamo 1773, balozi mdogo wa Uswidi mjini Tripoli aliyaeleza madini hayo, ambayo yalitoka katika jangwa la Fezzan, Libya ya sasa. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanaamini kwamba trona ni natrun ya Kiarabu iliyodondosha silabi ya kwanza. Natrun nayo ni mkopo kutoka nitron ya Kigiriki, nao Wagiriki walilichota neno lao Misri, ambako makuhani walitumia chumvi hiyo kukaushia maiti za wafalme. Hadi leo, bonde moja kaskazini magharibi mwa Cairo huitwa Wadi El Natrun.

Baadaye ukoo huo ulifarakana. Nitrum ya Kilatini ilihamishiwa shura, chumvi ya kutengenezea baruti, na mwaka 1790 Mfaransa Jean-Antoine Chaptal akaliundia humo jina la gesi ya naitrojeni. Kwa hivyo naitrojeni na trona ni ndugu wa nasaba moja, ingawa katika maabara hazifanani hata kidogo.

Tawi jingine lilibaki na magadi. Mwingereza Humphry Davy alipoitenga metali iliyomo mwaka 1807, aliiita sodiamu, kutokana na soda. Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi alipendelea natrium. Kiingereza kilishika jina la Davy, ilhali jedwali la elementi likashika alama ya Berzelius, Na. Mwanafunzi anayeshangaa kutoziona herufi hizo mbili katika neno sodiamu hana kosa. Ni mabaki ya natrun.

Jina la kikemia la trona ni gumu zaidi: sodiamu seskuikaboneti. Seskui ni Kilatini, maana yake moja na nusu, yaani kwa kila kaboni moja kuna sodiamu moja na nusu. Kwa kuwa atomu haigawanywi nusu, wanakemia huandika tatu kwa mbili.