Ramani Inaonyesha Meli. Mzigo Je?

Chukua simu, fungua ile apu ya kufuatilia meli, halafu vuta ramani hadi Mombasa. Utaona vimishale vya rangi. Kijani ni meli za mizigo, nyekundu ni za mafuta. Gusa kimoja, kinakupa jina la meli, bendera, mwendo wake na bandari inayoenda. Bure kabisa. Manze, mimi naweza kukaa hapo saa nzima nikihesabu meli zimetia nanga nje ya Kilindini zikingoja gati.

Lakini hiyo ramani haikutengenezwa ndio mimi na wewe tupitishe wakati. Nyuma yake kuna woga mwingi, na sehemu kubwa ya huo woga ilipita hapa kwetu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kinaitwa AIS, na kila mara kinatangaza kwa redio: mimi ni meli fulani, niko hapa, naelekea huku, kwa mwendo huu. Kilibuniwa ili meli zisigongane, hasa usiku na kwenye ukungu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilikuwa limepanga meli za safari za kimataifa zikifunge polepole hadi 2007. Halafu ikaja Septemba 11, 2001. Wakubwa wakakaa chini wakajiuliza: kama ndege inaweza kugeuzwa silaha, meli ya mafuta je? Kontena moja ambalo hakuna aliyelifungua je? Desemba 2002 wakavuta ile ratiba mbele, meli zote hizo ziwe na AIS kufikia mwisho wa 2004. Pamoja na hiyo ikaja sheria ya ISPS, iliyoanza kazi Julai 1, 2004. Ndiyo ilifanya kila bandari kubwa iwe na afisa wa usalama, uzio, pasi za kuingilia na maeneo ambayo huwezi kupita tu. Ndani ya meli kuna pia kitufe cha siri. Ukikibonyeza, ujumbe unaenda nchi kavu bila kengele yoyote kulia melini, ndio aliyekushikia bunduki asijue umeita msaada.

Kwa makaratasi, dunia ilikuwa imejipanga. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2005, meli ndogo iitwayo Semlow ikatoka Mombasa.

Hii ndiyo sehemu inaniuma, kwa sababu ukiuliza watu kuhusu maharamia wa Somalia watakwambia ile sinema ya Tom Hanks. Semlow haina sinema. Ilikuwa imebeba tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ukienda kwa Wasomali walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004. Ndani kulikuwa na watu 10: Wakenya 8, nahodha kutoka Sri Lanka na injinia Mtanzania. Juni 27 wakatekwa. Walikaa mikononi mwa maharamia karibu siku 100, hadi Oktoba. Siku chache baada ya kuachiliwa, meli nyingine ya WFP, Miltzow, ikatekwa ikiwa imefunga kabisa bandarini Merka, ikishusha chakula.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye meli Mombasa. Utatuma ya kwako? Wengi walikataa. WFP ilisimamisha shehena za kwenda Somalia kwa muda, na baadaye ikalazimika kupeleka chakula kwa malori. Njia ya bara ni ndefu, ni ghali, na ina wenye bunduki wake. Suluhisho lilikuja baada ya miaka miwili mizima. Novemba 2007, manowari za Ufaransa zilianza kusindikiza meli za chakula kutoka Mombasa. Baada yao wakaja Wadenmaki, Waholanzi na Wakanada kwa zamu, hadi Umoja wa Ulaya ulipoleta kikosi chake, Atalanta, Desemba 2008. Kwa hivyo ukiskia mtu akisema teknolojia ndiyo ilifungua njia, mwambie pole. Mchele ulianza kusonga tena kwa sababu kulikuwa na mizinga ubavuni mwake.

Kisha Septemba 2008 ikatokea ile ya Faina, ambayo naona kila Mkenya angefaa kuijua kama anavyojua jina la mtaa wake. Faina ilikuwa inatoka Ukraine kuja Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Ikatekwa Septemba 25. Manowari za Marekani zikaizunguka, zikaitazama usiku na mchana. Hakuna meli duniani iliyokuwa inafuatiliwa kwa karibu kuliko hiyo. Mahali ilipo, tulijua. Watu waliomo, tulijua ni 21, na kwamba nahodha wao alikuwa amefariki siku za mwanzo. Swali moja tu halikuwa na jibu: vifaru ni vya nani?

Serikali yetu ikasema ni vya jeshi la Kenya. Andrew Mwangura wa Mombasa, aliyekuwa akiongoza shirika la kusaidia mabaharia na ndiye alikuwa anapasha dunia habari za meli zilizotekwa, akasema vinaenda Sudan Kusini. Akakamatwa na kushtakiwa. Halafu hati za shehena zikaonekana kwenye vyombo vya habari zikiwa na herufi GOSS, ambazo ni kifupisho cha Serikali ya Sudan Kusini kwa Kiingereza. Faina ikaachiliwa Februari 5, 2009 baada ya fidia ya dola milioni 3.2, ikafika Mombasa wiki moja baadaye, vifaru vikashushwa. Mwaka 2010, barua za siri za wanadiplomasia wa Marekani zilizochapishwa na WikiLeaks zikaonyesha kwamba hao Wamarekani nao walijua vilikuwa vya Sudan Kusini.

Hapo ndipo mimi huona mpaka wa ile ramani yetu. Inafuata chuma. Kilicho ndani ya chuma kiko kwenye karatasi, na karatasi inaandikwa na binadamu ambaye ana sababu zake.

Novemba 2008 mambo yakazidi. Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudia iliyobeba mapipa kama milioni 2, ikatekwa zaidi ya maili 400 za baharini kutoka Mombasa, upande wa kusini mashariki. Watu walikuwa wanadhani huko mbali ni salama. Maharamia walikuwa wameanza kutumia meli walizoteka kama kambi zinazoelea, wanabeba mashua zao ndogo hadi katikati ya bahari. Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, ile ya sinema, nayo ilikuwa inakuja Mombasa. Bima ya vita ikapanda, meli zikazunguka mbali kuelekea mashariki zikichoma mafuta zaidi. Na kwa kuwa Uganda, Rwanda na Sudan Kusini hupitishia mizigo yao hapa kwetu, shida ya Kilindini haikuishia Kilindini.

Hapo nahodha akawa na swali gumu: awashe AIS au azime? Ukiwasha, manowari zinakuona. Lakini kifaa hicho hakichagui msikilizaji, haramia mwenye kipokezi anakuona pia. IMO yenyewe ilikuwa imelalamika tangu Desemba 2004 kwamba kuweka habari za AIS kwenye intaneti ni hatari kwa meli. Ushauri uliotolewa ulikuwa wa katikati: tangaza jina, mahali, mwelekeo na mwendo, mengine nyamaza, na uamuzi wa mwisho ni wa nahodha. Pembeni kukawa na mfumo mwingine, LRIT, unaotuma mahali meli ilipo kila saa 6 kupitia setilaiti, kwa serikali tu. Huo hutauona kwenye simu yako.

Lakini kitu kilichofanya kazi kila siku kilikuwa cha kizamani kabisa: kupiga simu na kuandika barua pepe. Meli ikiingia eneo la hatari ilikuwa inajitambulisha kwa ofisi ya Waingereza iliyokuwa Dubai, UKMTO, halafu inaripoti kila siku. Kule Ghuba ya Aden meli zilipangwa makundi kulingana na mwendo, za polepole zinaanza mapema, ili zote zipite pale pabaya pamoja. Januari 2009 nchi za ukanda huu, Kenya ikiwemo, zikatia saini makubaliano ya Djibouti, na vituo vitatu vya kupashana habari vikawekwa Sana'a, Dar es Salaam na Mombasa. Mombasa tayari ilikuwa na kituo cha uokoaji baharini tangu 2006. Ongeza seng'enge kwenye kingo za meli, chumba cha kujifungia, walinzi wenye silaha. Mashambulizi yanayohusishwa na maharamia wa Somalia yakashuka kutoka 237 mwaka 2011 hadi 75 mwaka 2012, kisha 15 mwaka 2013.

Kuna wale hawakuingia kwenye hesabu hii. AIS inalazimishwa kwa meli za tani 300 kwenda juu zinazosafiri kimataifa. Jahazi na mashua za wavuvi wa Lamu au Kipini hazimo, na ndizo ziko karibu zaidi na huo mpaka. Kwenye ramani hapo ni bluu tupu, kama hakuna mtu.

Na kama unadhani hii yote imepita, rudi kwenye simu. Wahouthi walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, ile nafasi ya AIS ya kuandika bandari unayoenda ilianza kujaa maneno mengine. Kuna meli ziliandika kwamba mabaharia wote ni Wachina. Nyingine kwamba zina walinzi wenye silaha. Machi 2024 maharamia wakateka Abdullah, ya Bangladesh, iliyokuwa inapeleka makaa ya mawe kutoka Maputo kwenda Falme za Kiarabu. Watu 23, mwezi mmoja.

Kama kwenu kuna mzee alikuwa baharini kati ya 2005 na 2012, muulize alikuwa anaongea na nyumbani vipi, na waliobaki walikuwa wanajuaje bado yuko hai. Halafu uje unipe stori, kwa sababu hiyo sijaiona imeandikwa mahali.