Dodoki la uani: namna ya kulipanda na kulikausha lisioze

Dodoki ni tunda la mmea utambaao, jamaa moja na tango, boga na mumunye. Likiwa changa hupikwa kama mboga. Likikomaa na kukauka, ndani hubaki wavu mgumu wa nyuzi, ambao ndio tunaosugulia mwili bafuni na masufuria jikoni. Asili ya mmea huu ni bara Asia, na jina lake la kitaalamu, Luffa, limetokana na neno la Kiarabu.

Wengi wetu tuliokulia pwani tumesuguliwa mgongo kwa dodoki. Leo watoto wetu wanaoga kwa neti ya plastiki kutoka dukani, nayo ikichakaa huishia jaani, mtaroni au baharini. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017 haikugusa neti hizo. Dodoki likichakaa, likate vipande ulifukie shambani, litaoza na kuwa mbolea.

Tatizo ni kwamba wengi wanaojaribu kupanda hukata tamaa. Mdodoki unatambaa, unachanua, unazaa, kisha matunda yanaoza kabla ya kukauka. Mara nyingi kosa si la mbegu wala la udongo. Ni kosa la kalenda.

Wakati wa kupanda

Tangu mbegu kutiwa ardhini hadi dodoki kukomaa kabisa ni miezi minne hadi sita hivi. Basi kabla ya kupanda jiulize: matunda yatakapokuwa yanakauka, itakuwa mvua au jua?

Ukipanda mvua za masika zinapoanza, mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, mmea utakua kwa maji ya Mungu na matunda yatakomaa Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Ukipanda vuli inapoanza, Oktoba, matunda yatakauka kwa jua la Februari na Machi, ila itakubidi umwagilie maji kuanzia Januari. Anayepanda Juni au Julai ndiye anayejitafutia hasara, kwa sababu matunda yake yatakomaa mvua za vuli zikiwa zimeshika.

Mbegu na shimo

Mbegu za dodoki ni nyeusi, bapa, na ganda lake ni gumu. Ziloweke kwenye maji usiku kucha, au siku nzima, ndipo uzipande kwa kina cha sentimita 2 hivi. Huota baada ya wiki moja au mbili.

Penye mwamba wa matumbawe au mchanga mtupu, usipande juu juu. Chimba shimo la sentimita 50 kila upande, ulijaze udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyooza. Acha mita moja kati ya shina na shina. Tia mbegu tatu kila shimo, kisha ubakishe mche mmoja ulio na nguvu. Chagua mahali panapopata jua mchana kutwa. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, kinga ya mvua uyatumie kwa miche, kwani chumvi huunguza ncha za majani.

Mahali pa kupandia

Mdodoki ukiachwa utambae chini, matunda hupinda na upande unaogusa udongo huoza. Ukipanda ukutani au kwenye chanja, matunda huning'inia, hunyooka, na upepo hupita pande zote. Simika nguzo imara zenye urefu wa mita 2, uzifunge fito juu yake na kamba za katani za kupandia. Usitegemee ua wa makuti makuukuu. Madodoki mabichi ni mazito, na upepo wa kusi ukivuma wote utalala chini.

Maua na wadudu

Maua ni ya manjano, ya aina mbili. Ya kiume hutoka kwa vichala. La kike hutoka peke yake na nyuma yake lina kijitunda chembamba. Usishtuke maua ya kwanza yakipukutika yote, kwani mara nyingi hayo huwa ya kiume. Nyuki ndio wanaochavusha, hivyo usipulize dawa asubuhi maua yakiwa wazi. Kama nyuki ni wachache, chuma ua la kiume ulipanguse ndani ya lile la kike.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda, anayetoboa tunda changa na kutaga mayai ndani. Vika matunda machanga mifuko ya karatasi au gazeti. Lililokwisha kutobolewa usilitupe hapo hapo. Lifukie kina cha nusu mita, ili funza wasigeuke nzi wengine.

Ukitaka mboga, chuma tunda likiwa halijazidi kiganja. Likiwa chungu, litupe. Uchungu huo ni dalili ya sumu na haufai kuvumiliwa.

Kuchuma na kukausha

Dodoki lililo tayari hubadilika kutoka kijani kuwa manjano, kisha kahawia. Ukilishika ni jepesi, na ukilitikisa utasikia mbegu zikilia ndani. Ukilichuma likiwa kijani kibichi na zito, nyuzi zake zitakuwa laini mno na hazitadumu. Mvua zikikaribia nalo limeshageuka manjano, usingoje zaidi. Lichume ulitundike barazani, chini ya paa, penye upepo.

Kulimenya, lilowe kwanza kwenye ndoo ya maji mpaka ganda lilainike. Vunja kifuniko kidogo kilicho nchani, utikise mbegu zote zitoke, kisha bandua ganda kwa vidole. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Nyuzi zina ute, na ute ukibaki dodoki litaota ukungu na kunuka. Lioshe na kulikamua, ubadilishe maji mara tatu au nne mpaka yatoke meupe na mkono usiteleze.

Baada ya hapo lianike juani kwenye kamba au chanja, usilitandaze chini. Lizungushe kila baada ya saa chache. Usiku liingize ndani, umande usilirudishe nyuma. Likikauka sawasawa huwa gumu na jepesi, na ukilibinya husikii unyevu. Lihifadhi kwenye kikapu au gunia penye hewa. Ukilifunga ndani ya plastiki, kazi yote itaharibika.

Matumizi

Dodoki gumu hulainika likitiwa maji. Kila mtu awe na lake, alitundike likauke kila baada ya kuoga, na alibadilishe baada ya wiki tatu au nne, maana likikaa na maji huzalisha vijidudu. Yale yaliyopinda au yenye doa yatengee vyombo.

Mbegu ulizotikisa zikaushe kivulini, uzitie kwenye chupa yenye kifuniko. Dodoki moja lina mbegu nyingi kuliko ua wako unavyoweza kubeba. Bakisha za msimu ujao, zilizobaki mpe jirani, na umwambie apande lini.